Kilo nane na robo

Kwanza niseme kabisa: pahali penyewe ninapovulia sipataji. Ni Kigamboni, upande wa bahari kuu, kati ya Mjimwema na Gezaulole, na hapo ninyamaze. Mzee aliyenionyesha alinionyesha bure lakini kwa sharti, nami ni mtoto wa Kisiju, najua mwenye kutangaza shimo la samaki aitwaye chewa huja siku akakuta ndoana za watu zimening'inia mlangoni.

Gezaulole, kwa wasiojua, ni Kizaramo: geza ulole, jaribu uone. Kijiji kilipata jina hilo zama za ujamaa. Mimi nililichukua kama ushauri.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, mume mmoja, watoto watatu, na mshipi wa kuvulia. Ukiniuliza nipange kwa utaratibu wa siku ya Jumamosi, mshipi unatangulia.

Kisiju nilikolelewa na bibi, wanawake walikuwa baharini kila siku, lakini kwa namna yao. Tulitanda uduvi kwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja, mmoja kushoto mmoja kulia, wengine wanapiga maji kuwafukuza waingie. Bamvua likitoka tulikwenda miambani kuchokoa pweza, bibi mbele na chuma chake, mimi nyuma na kikapu. Ila mshipi, hapana. Mshipi ulikuwa wa babu, wa wajomba, wa kaka. Hakuna aliyekataza. Ni kwamba haikuwahi kumjia mtu kwamba mwanamke angeutaka.

Mwaka 2019, tumeshahamia Kigamboni, nilivuka na pantoni nikaenda Kariakoo kununua nailoni. Nikamwambia kijana wa dukani nataka ile nene, mita mia.

"Ya kuanikia nguo, mama?"

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaomba na ndoana sita. Akanitazama kama mtu anayewaza nguo zangu ni za aina gani.

Rekodi yangu mpaka mwaka jana ilikuwa chewa wa kilo tatu na robo, wa mwaka 2021. Neno rekodi nimelitoa mtandaoni. Usingizi ukikataa huwa natazama Wamarekani wakivua besi, samaki wao wa maji baridi mwenye mdomo mpana kama mfuko wa shule. Aliletwa hata Kenya, yuko Ziwa Naivasha. Watu wale kila mmoja ana rekodi yake mwenyewe anayoitaja kama sisi tunavyotaja kabila: mimi ni wa ratili saba, mimi ni wa ratili kumi. Na juu yao wote kuna marehemu George Perry, kijana mkulima wa Georgia, ambaye tarehe 2 Juni 1932 alivua besi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo kumi na kidogo. Hajapatikana wa kumshinda. Mwaka 2009 Mjapani mmoja, Manabu Kurita, alimpata wa kumzidi kwa karibu wakia moja katika Ziwa Biwa, lakini sheria yao inataka mpya amzidi wa zamani kwa wakia mbili, kwa hiyo wakaandikwa wote wawili, bega kwa bega.

Mimi nilichokipenda kwa Perry si uzito. Ni kwamba alimpeleka mjini akapimwa, kisha akarudi naye nyumbani wakamla. Ilikuwa miaka ya njaa kule kwao. Besi mkubwa kuliko wote duniani aliishia mezani kwao, na mimi naona ndivyo inavyotakiwa.

Basi turudi Kigamboni.

Mwamba wa pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyokufa yakageuka jiwe, lile lile ambalo watu wa pwani walijengea misikiti na nyumba. Juu ni makali kama kikwaruzo cha nazi. Ukianguka unaacha ngozi. Chini, usawa wa maji, mawimbi yameula mwamba kwa ndani, kwa hiyo unaposimama ukingoni unakuwa kama umesimama barazani na chini ya baraza kuna chumba. Chumba kile ndicho nyumba ya chewa. Maji yakijaa, mbele yake pana kina cha pima mbili, si zaidi. Kukiwa hakuna upepo unaona mpaka mchanga.

Chewa si samaki wa kukimbia. Kolekole ukimnasa anakwenda na mshipi mpaka unanusa moshi. Chewa anataka kitu kimoja tu, kurudi ndani. Anakaa mlangoni, kinachopita anakifungulia mdomo, maji yanaingia na kilichomo kinaingia nayo, kisha anageuka. Hatua mbili za kwake. Akishaingia anatanua mashavu na miiba ya mgongoni anakaza kwenye kuta, na hapo unavuta jiwe. Bibi alikuwa akituambia mwezi ukipatwa ni chewa kaumeza. Utotoni nilijiuliza kwa nini basi wasimvute tu akautema. Nilipopata miaka arobaini na kitu nikaelewa.

Pahali pale nimepoteza samaki watatu. Wa kwanza, sina la kusema, fundo langu lilikuwa baya. Wa pili alikata mshipi kwenye ukingo. Wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi, kwa sababu nilifanya kila kitu sawasawa na bado nikabaki nimeshika nailoni iliyolegea, ncha yake imechanika nyuzi nyuzi kama mkia wa ng'ombe. Nilimweleza yule mzee. Akaniuliza swali moja: siku hiyo mwezi ulikuwa ngapi tangu kuandama?

Nikahesabu. Mwezi kumi na sita.

Akacheka mpaka akakohoa.

Kosa langu lilikuwa la malezi. Mimi nimekulia kwa wachokoa pweza, na kwa mchokoa pweza siku ni bamvua: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali kabisa na miamba inabaki wazi. Hapa Dar bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwaka, na yakirudi yanarudi kwa kishindo, zaidi ya mita tatu kutoka chini mpaka juu ndani ya saa sita. Maji ya namna hiyo yanapita mbele ya pango kama mto. Chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, haitulii. Mshipi unatanda upande, unajilaza juu ya kila jino la mwamba, na samaki akivuta mara moja kazi ya kuukata imekwisha kufanywa na mkondo. Nilikuwa nakwenda baharini kwa kalenda ya pweza kumtafuta chewa.

"Nenda maji mafu," mzee akasema.

Maji mafu ni siku za katikati, mwezi saba, nane, na tena kwenye ishirini na mbili. Tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu ya ile ya bamvua. Wavuvi wengi ninaowajua hizo ni siku za kushona nyavu na kubishana mpira. Bahari inakuwa imechoka. Tena saa zimegeuka: badala ya kupwa saa nne asubuhi, yanajaa. Kwa hiyo ukifika alfajiri unakuta yanaanza kupanda polepole, na una asubuhi nzima ya maji yanayokuja bila haraka.

Akanifundisha na la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Chubwi ya risasi niache nyumbani. Nitafute kokoto la ukubwa wa ngumi, nilifunge kwa uzi wa cherehani, ule mwembamba kabisa. Chambo kinazama vizuri, kinakaa. Samaki akila na kukimbilia ndani, jiwe linanasa kwenye mwamba, uzi wa cherehani unakatika, na unabaki wewe na samaki bila kitu cha tatu kati yenu. Uzi ule ninao rangi zote. Mama mkwe wangu alikuwa fundi.

Nikaenda maji mafu ya Agosti. Kusi lilikuwa linavuma, nikarudi nimelowa na sijaona kitu. Septemba nikapata changu wawili wa kukaanga. Oktoba nilikuwa na msiba.

Mwezi wa kumi na moja upepo ukafa. Ni zile wiki za tanga mbili, kusi limeondoka na kaskazi haijaingia, bahari inalala kama mafuta kwenye sufuria. Jumamosi, mwezi nane. Mume yupo zamu, watoto wawili wanakwenda madrasa, mkubwa yupo chuo. Nikatoka saa kumi na nusu nikiwa nimevaa suruali ya mwanangu, dera juu yake nimelifunga kiunoni, na yeboyebo miguuni kwa sababu mwamba ule unakula kandambili. Kwenye ndoo: mshipi umezungushwa kwenye kibao, vibua wanne niliowachukua soko la samaki la Feri jana yake jioni, mawe matano yameshafungwa, kisu, chupa ya chai. Simu sikuibeba. Niliyokuwa nayo kabla ya hii ipo ndani ya pango lile tangu 2022, na huenda chewa wanaitumia.

Wengi wananiuliza kama siogopi kukaa peke yangu pale. Naogopa. Siogopi bahari. Huwa napita njia ambayo walinzi wa majumba wananiona, nawasalimia kwa sauti ili siku nikikosekana awepo mtu atakayesema alipita hapa. Hilo wanaume wanaovua hawalifikirii, na sioni sababu ya kujifanya halipo. Lakini nikishakaa mwambani, mgongo kwenye jiwe, hakuna saa katika wiki yangu ambayo naachwa hivyo. Hakuna anayetaka fotokopi mbili nyuma na mbele.

Jua lilitoka saa kumi na mbili upande wa visiwa vya Sinda. Vile ni maeneo tengefu tangu 2007, kama Mbudya na Bongoyo za upande ule mwingine zilivyokuwa tangu 1975, huko hakuvuliwi. Napenda kuamini samaki wetu wakubwa wanatoka kule kuja kututembelea, ila ni mapenzi tu. Ninachokijua ni kwamba tulipohamia huku tulikuwa tukisikia baruti za kuulia samaki asubuhi, dum, na muda si muda dum nyingine, na majirani wanasema hao wapo kazini. Sasa naweza kumaliza miezi sijasikia. Baruti haichagui chewa na jiwe la kukaa chewa.

Kibua wa kwanza alimalizwa na vidogo. Wa pili vilevile. Saa mbili hivi, maji yamefika kwenye mstari wa chaza, nikamtoa kibua wa tatu, nikamkata ncha ya mkia damu itoke, nikapitisha ndoana mgongoni karibu na kichwa. Nikafunga jiwe. Sikurusha. Nilimteremsha tu taratibu mpaka nikahisi jiwe limegusa mchanga, nikavuta pima moja, nikaushika mshipi kwa kidole cha shahada kilichovishwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Changu hudonoa. Tasi hugusa kama mtoto anayegonga mlango akakimbia. Hii haikuwa kudonoa wala kugusa. Mshipi ulikuwa unakaa sehemu moja, na sekunde iliyofuata ulikuwa unakaa sehemu nyingine.

Nilivuta. Uzi wa cherehani ukakatika, niliusikia kidoleni, tiki, kitu kidogo sana. Halafu mkono wangu wa kulia ukaenda chini mpaka begani na kifua kikagonga mwamba. Nilipata pima moja juu, akachukua mbili. Akaingia.

Na mshipi ukatulia. Ukakaza pale pale, umelowa, unatoa matone, umenyooka kutoka mkononi mwangu mpaka kwenye ule ukingo mweusi, kama kamba ya ng'ombe aliyelala barabarani.

Watatu waliotangulia wote niliwapotezea hapa. Mwili wote unakwambia vuta. Mikono inataka kuvuta, miguu imeshajipanga. Yule mzee alikuwa ameniambia: akishaingia, mpe. Chewa anashindana na kuvutwa. Asipovutwa hajui anashindana na nini. Nikafungua vidole. Nikampa kama pima moja ya mshipi mlegevu, nikakaa kitako juu ya jiwe lile baya, nikasema nitasoma Ayatul Kursi mara saba ndipo niguse tena.

Sijawahi kuisoma polepole namna ile. Mara ya tatu nikawa nakosea. Kati ya ya nne na ya tano nikaukaza mshipi kidogo tu na kuupiga kwa ukucha, kama mtu anayejaribu zeze. Mlio ulisafiri chini nikausikia hadi kwenye kiwiko. Wanasema humkera. Nikalegeza tena. Kaa wawili walikuwa wametoka wananitazama, na chai ilikuwa imemwagika sijui saa ngapi, imetengeneza kidimbwi chenye sisimizi.

Mara ya sita, mshipi ukatembea. Haukuvutwa; ulitembea, upande wa kushoto, kwa utulivu wa mtu anayetoka nje kuangalia kama mvua imekwisha.

Sikumalizia ya saba, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nikaupitisha mshipi begani, nikageuka nikaipa bahari mgongo, na kwenda. Hatua moja, mbili, tano, kumi, kuupanda mwamba, kama navuta mbuzi wa Idd asiyetaka kwenda. Kwa mikono peke yake nisingeweza, mimi ni mtu wa kukaa kwenye mashine. Kwa mwili mzima niliweza. Nyuma yangu nikasikia maji yanapasuka, na nilipogeuka alikuwa juu, mdomo wazi, mpana kuliko kichwa changu, umbali wa hatua nane kutoka pangoni na hana tena mahali pa kushika.

Sasa umwinue. Ukingo ule unanifika kifuani kutoka kwenye maji. Ukiwa na mwenzako, mmoja anashika mshipi mwingine anashuka. Nilikuwa peke yangu na mshipi ulikuwa umeshakwaruzwa, niliuona ukiwa na manyoya. Ukimning'iniza samaki mzito kwenye nailoni yenye manyoya unamuaga. Pembeni pana ufa, mfereji wa upana wa mlango, ambao mawimbi huingia na kumwaga maji juu ya sakafu ya chini. Nikamtembeza mpaka pale, nikauzungusha mshipi mkononi, nikashuka maji yakanifika mapajani, dera likaelea pembeni yangu kama mwamvuli. Bahari ilikuwa shwari mno. Mara hiyo moja katika maisha yangu nilikuwa nataka wimbi na wimbi halipo. Tukasimama, mimi na yeye, tumeangaliana. Macho ya chewa yanazunguka. Yanakufuata.

Kisha meli kubwa iliyokuwa imepita mbali huko, ambayo sikuwa nimeiangalia hata kidogo, ikatuletea mawimbi yake. La kwanza dogo. La pili likamwinua, nikamsukuma kwa goti na mkono ndani ya shavu, tukaangukia sote kwenye sakafu ya mfereji. Kifuniko cha shavu la chewa kina miiba mitatu. Mmoja niliondoka nao kwenye dole gumba.

Sikupiga kelele. Nilidhani ningepiga. Nilimlalia tu mpaka maji yakatoka.

Alikuwa wa kahawia, mwenye madoadoa ya rangi ya kutu usoni mpaka kwenye mapezi. Ukimsimamisha kwa mkia ananifika pajani. Wale Wamarekani wangu huwabusu besi wao na kuwarudisha majini. Ningesema uongo nikisema halikunijia. Lilinijia, likakaa muda wa kumeza mate mara mbili, likapita. Nilimsomea bismillahi nikafanya kinachofanywa.

Barabarani nikampata kijana wa bodaboda. Nilikuwa nimemfunga samaki ndani ya dera lenyewe, mkia nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Duh. Feri wamekufanyia bei gani?"

"Sijanunua. Nimevua."

"Amevua nani?"

"Mimi."

Akaangalia nyuma yangu, njia niliyotokea. "Na mzee yuko wapi?"

"Mzee yuko kazini."

Akawasha pikipiki. Tumefika karibu na kwangu akauliza tena, kwa upole, kama anayenipa nafasi ya pili: "Lakini mama, kweli, Feri wanauzaje siku hizi?"

Hapo ndipo nilipoingiwa na kiherehere. Ndani ya nusu saa yule samaki angekuwa vipande, na mimi sina picha, sina shahidi, nina dole gumba linalovuja. Nikamwambia anishushe kwa Mangi.

Mangi ana mizani ya kisasa ya betri lakini akaikumbatia kama mtoto, hataki iguswe na samaki. Akatoa ya zamani chini ya kaunta, ile ya sahani mbili, akatandika gazeti. Chewa akawa mrefu kuliko sahani. Kichwa huku, mkia kule, mizani inalala. Samaki mkunje angali mbichi: tangu darasa la nne naambiwa hivyo na siku hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuifanyia kazi. Tukamkunja. Mangi akaweka jiwe la kilo mbili. Sahani haikutikisika. Hana jiwe jingine kubwa. Akafikiri, akachukua pakiti ya sembe ya kilo mbili. Hakuna. Ya pili. Hakuna. Wateja wawili waliokuja kununua vocha wakasogea. Pakiti ya tatu ikaingia na sahani ikainuka kidogo, ikarudi. Akaongeza jiwe la robo, taratibu, kwa vidole viwili, kama daktari.

Zikasimama sawa.

"Nane na robo," akasema Mangi. "Kama hawa wa sembe hawatuibii."

Nikamwomba aniandikie. Akasema aandike wapi. Nikasema popote. Akafungua daftari lake la madeni, kwa sababu ndilo lililokuwa wazi, akaandika tarehe, jina langu, na mbele yake: chewa, kilo 8 na robo. Kisha akaanza kufuta pakiti zake za sembe huku ananung'unika kuhusu harufu.

Nyumbani nilimpasua kwenye ua. Hakuwa na mayai. Kulikuwa na mifuko miwili myeupe, dume. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na wakishakuwa wakubwa baadhi yao hugeuka madume, kwa hiyo huyu huenda aliwahi kuwa mama wa watu. Nililiwaza hilo wakati namkwangua magamba, halafu dole likaniuma nikawaza mengine. Mwanangu aliporudi kutoka madrasa akapiga picha, lakini kilichokuwa kimebaki kizima ni kichwa ndani ya beseni, na kichwa bila mwili kila mtu anakikadiria anavyotaka. Shemeji yangu alikikadiria kilo tatu. Usiku tulikula supu yake, yenye ndimu na pilipili mbuzi, na shemeji akala bakuli mbili za hizo kilo tatu zake.

Mangi nilimpelekea kipande cha mgongo kwa ajili ya pakiti zake. Hakuwapo, nikamwachia mkewe.

Wiki tatu baadaye, mwisho wa mwezi, kijana mpya wa dukani kwake akapita kukusanya. Anagonga kila mlango na daftari mkononi, mtoto mwenye adabu sana. Nikamwambia mimi sikopi hapo. Akafungua ukurasa, akaweka kidole chini ya jina langu, akasoma, akasoma tena.

"Shikamoo mama," akasema. "Mangi anasema utaleta lini hizi kilo nane na robo za chewa?"